Diski Imejaa

Nilipanda ngazi za Narung'ombe na mkoba wa bisibisi,
nikalisikia kabla sijaliona: ti, ti, ti,
sanduku jeusi juu ya kabati,
limevikwa kitambaa cha kufuma.

"Linalia tangu Jumatatu," akasema Bi Rukaya.
"Nikalizima, nikaliwasha, nikalipiga kofi.
Mwisho nikalifunika."
Na Jumatano usiku katoni tatu za koki
zikatoka dukani kwa miguu yao.

Madenge mlinzi alikuwa ameshasimama mlangoni,
kofia mkononi, macho kwenye kioo
kama anayesubiri majibu ya damu.
Mimi si daktari. Nikashika mausi.

Neno la siri hakuna aliyelijua.
Fundi wa kwanza yuko Muscat, hapatikani.
Nikajaribu moja hadi sita. Likafunguka.
Mama, moja hadi sita!
Hata mwizi kasoma hesabu.

Saa ya mashine ilisema mwaka elfu mbili:
betri ndogo imekufa, hakuna aliyeizika,
na Yusta wa kaunta anaonekana akiuza misumari
miaka minne kabla hajazaliwa.

Diski, tera moja. Nafasi iliyobaki, sifuri.
Na chini kabisa ya menyu, kijisanduku kisicho na alama:
*ikijaa, iandike juu ya zilizotangulia.*
Hakuna aliyekigusa.
Basi haikuharibika. Ilishiba tu, ikafunga mdomo,
ikabaki inatazama kila kitu
bila kukumbuka chochote.

Imeshiba nini?
Kaunta, kidogo. Mlango, kidogo. Stoo, panya wawili.
Kamera ya nne, uani:
turubai.
Turubai la buluu la jirani, kamba moja imelegea,
linapunga usiku kucha,
na kila likipunga mashine inasema, mtu huyo!
inarekodi.
Siku arobaini za turubai.
Tukalitazama sote wanne, kimya, kama tuko msibani.

Mara moja tu akapita binadamu:
Madenge, kwenye ndoo iliyopinduliwa,
anaifunga ile kamba kwa kipande cha katani.
"Lilikuwa linanisumbua," akasema.
Hakuna aliyemjibu.
Kwenye kioo kamba ikalegea tena.

Jumatano haimo. Koki hazimo.

Nikafuta. Nikatia alama kwenye kijisanduku.
Nikachora mstari kulizunguka turubai,
nikaiambia mashine, hiki si mtu.
Nikaweka betri mpya, nikaipa tarehe ya leo.
Ti, ti ikakatika, na duka zima
likasikia feni kwa mara ya kwanza.

"Sasa itatunza siku ishirini na moja,
halafu inafuta ya kale, inaendelea."
"Yaani itasahau?"
"Isiposahau, mama, kesho haitaiona."
Akaliwekea mkono daftari la madeni,
nene, limeshonwa mgongo kwa uzi wa viatu,
ndani mna watu waliokopa misumari ya nyumba
ambazo zimeshabomolewa.
"Mimi sifuti," akasema.

Elfu sabini, fundi?
Nitakurushia jioni.

Jioni zimepita nyingi. Leo nimepanda tena.
"Nilikupa mkononi," anasema, bila hasira,
"taslimu, hapo hapo uliposimama.
Unabisha? Kamera si ipo?"

Daftarini simo: mle wamo anaowadai,
si wanaomdai.
Nikarudisha nyuma, nikarudisha nyuma,
hadi mashine ikagoma kwa adabu.
Leo ni siku ya ishirini na tatu.
Kazi yangu inafanya kazi vizuri kabisa.

Yusta akainamia misumari, mabega yanamtetema.
Madenge akaleta kiti.
Na juu ya kabati, kwenye kioo, mtu mmoja
amesimama kaunta, mkoba begani, kiganja wazi,
saa imenyooka hadi sekunde,
wakati uani, nje ya mstari nilioutia,
turubai linapunga, linapunga,
wala hakuna anayeliandika.